Miavuli ya Chini ya Ngazi

Kitu cha kwanza alichokiona mfagizi kilikuwa penseli. Zilikuwa kumi na mbili, ndani ya ndoo ya taka ya chumba namba kumi na nne, zote zimechongwa na zote zina urefu mmoja, kana kwamba mtu alizipima kwa rula kabla ya kuzitupa. Chini yake palikuwa na karatasi yenye picha ya kikombe. Kikombe chenyewe kilikuwa kimeinama upande, kama mtu aliyepewa habari mbaya kabla hajatafutiwa kiti. Juu ya karatasi, kwa kalamu nyekundu, paliandikwa: 34. Ongeza bidii.

Mfagizi alisoma polepole, kama alivyosoma kila kitu. Shule aliiachia darasa la tano, na tangu hapo amekuwa akisoma vinavyopita mkononi: maboksi ya sabuni, matangazo ya ukutani, takataka. Alama hazikumshangaza, maana kikombe hakikustahili zaidi. Kilichomshangaza ni mwandiko. Aliyechora aliandika chini "Kikombe, jaribio la kwanza", na aliyesahihisha aliandika juu, na mwandiko ulikuwa wa mtu mmoja.

Bweni hilo la wasichana lilikuwa na ghorofa tatu na mfagizi mmoja. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, rika moja na wengi waliolala humo, ila wao walipanda ngazi wakiongea na yeye alizipanda amebana ukuta. Matroni alipenda kumsifu mbele ya wageni. "Huyu binti hana maneno kabisa," alikuwa akisema. "Ukimpa ndoo na dekio, umemaliza." Mfagizi alikuwa amesimama hapo hapo. Aliendelea kukamua dekio.

Wiki iliyofuata ndoo ya chumba kumi na nne ilikuwa na filimbi ya plastiki na karatasi: 27. Pumzi haitoshi, nia ipo. Wiki iliyofuata tena, kando ya ndoo, viatu vya kukimbilia vilikuwa vimepangwa sawasawa, kisigino kwa kisigino, na karatasi imechomekwa ndani ya kiatu cha kushoto: 41. Nimepitwa na mama mwenye mtoto mgongoni. Halafu ikaja bodi ya sataranji. 19. Nimefungwa na mtu ambaye hajui kucheza.

Huyo asiyejua kucheza alikuwa Redio, mkazi wa pili wa chumba hicho, ambaye jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo. Mwenye penseli, waliyemwita Ratiba, alikuwa mwaka wa pili, anasomea ujenzi wa madaraja, na juu ya kitanda chake palibandikwa karatasi yenye vijumba vya rangi nne. Kijumba cha saa kumi na moja alfajiri kilisema Kuamka. Kijumba kilichofuata kilisema Kuwa macho.

Mambo yenyewe mfagizi aliyapata siku alipokuwa anapiga deki chumbani humo. Watu huongea mbele ya mfagizi kama wanavyoongea mbele ya ndoo.

"Sasa mshauri anasemaje?" Redio aliuliza. Alikuwa amelala chali, miguu ameiegemeza ukutani.

"Ananiuliza nimepata au bado."

"Nawe ukamwambia?"

"Nimemwambia nimefeli vinne."

Redio alicheka mpaka kitanda kikalia. "Mwenzangu, burudani haifeliwi!"

"Mimi nimefeli. Nina karatasi."

Mwezi mmoja nyuma Ratiba alianguka maktaba, katikati ya rafu mbili, akiwa ameshika kitabu na hakukiachia. Daktari wa chuo alimpima hakuona ugonjwa. Akamuuliza mara ya mwisho alifanya lini jambo ambalo si masomo. Ratiba akaomba ruhusa akaangalie kwenye ratiba. Daktari akampeleka kwa mshauri wa wanafunzi, na mshauri akampa hadi mwisho wa muhula: atafute kitu kimoja cha kufanya kwa kupenda tu, bila kushindana na yeyote wala kujipima. Asipokipata, mshauri atajaza fomu na Ratiba atakwenda kupumzika nyumbani mwaka mzima.

"Mwaka si kitu," Redio alisema. "Unalala, unakula, unarudi."

"Kwetu harudi mtu. Kaka yangu alikwenda kupumzika mwaka mmoja. Huu ni wa nne. Anafuga sungura."

"Anawapenda?"

"Hapana. Na wao hawampendi."

Redio hakucheka. Mfagizi alikuwa amefika kwenye kitanda chake na akasubiri. Hakusema "dada, inua hiyo ndala," maana hakuwa mtu wa kusema. Alisubiri mpaka Redio akaiona mwenyewe.

Mvua ya kwanza ya msimu ilikuja mchana, ya upepo, na wasichana wakaingia mbio. Ratiba alikuwa wa mwisho kwa sababu alikuwa anatembea kwa mwendo wake wa kawaida. Mwavuli wake ulikuwa umepinduka, mbavu tatu zimetoka nje ya kitambaa. Aliusimamisha juu ya pipa la taka lililokuwa chini ya ngazi, akautazama kama anayetaka kuupa alama, akaachia mkono.

"Usitupe," mfagizi alisema.

Sauti iliwashtua wote wawili. Ratiba aligeuka kutafuta nani kasema. Hapakuwa na mwingine.

"Umeharibika," Ratiba alisema.

"Unatengenezeka."

Mfagizi akafungua mlango wa stoo iliyokuwa chini ya ngazi. Humo mlikaa ndoo, madekio, madumu ya sabuni na, juu, kwenye waya uliovutwa toka ukuta hadi ukuta, miavuli mibovu. Ratiba aliihesabu kabla hajasema neno. Ilikuwa ishirini na saba.

Mjomba wake mfagizi alikuwa fundi wa miavuli na viatu, kwenye kona ya barabara, na mfagizi alikulia miguuni pake akimshikia uzi. Mjomba alipofariki alimwachia koleo moja na boksi la mbavu za miavuli iliyokufa. Wasichana wa bweni walitupa miavuli kila msimu wa mvua. Yeye aliitoa kwenye pipa, akaitengeneza saa ya mapumziko, akaining'iniza kwenye mlango mkuu.

"Unauza?" Ratiba aliuliza.

"Hapana. Anayenyeshewa anachukua."

"Wanarudisha?"

"Hapana."

"Sasa unatengeneza kwa nini?"

Hilo mfagizi hakuwahi kuulizwa. Alilifikiria mpaka maji yakakauka kidogo kwenye nywele za Ratiba.

"Kwa sababu imevunjika," alisema.

Ratiba akageuza ndoo moja, akaikalia. "Nifundishe," alisema. "Tunaanza na nadharia?"

"Tunaanza na koleo."

Basi ikawa kila siku, saa saba mchana, mfagizi anakalia dumu na mwanafunzi anakalia ndoo, mlango wa stoo wazi ili mwanga uingie. Ratiba alikuja na daftari. Aliuliza kitengo cha kwanza kinaitwaje, kina malengo gani, na mtihani utakuwa lini. Mfagizi alimpa ubavu uliopinda na kumwonyesha kidole gumba kinakaa wapi. Ratiba aliunyoosha ubavu ukavunjika. Akapewa mwingine, ukavunjika. Wa tatu haukuvunjika, ila ulipinda upande wa pili.

"Ngapi?" aliuliza.

"Ngapi nini?"

"Alama. Ungenipa ngapi?"

Mjomba hakuwa na ngapi. Mjomba alikuwa na maneno mawili tu: imeshika, na bado. Alifungua mwavuli, akamimina kikombe cha maji juu yake, akaangalia chini. Kukiwa na tone alisema bado, bila hasira, kama mtu anayejibu kwamba gari halijafika. Akaanza upya.

"Bado," mfagizi alisema.

"Bado ni chini ya hamsini?"

"Bado ni bado."

Ratiba aliandika kitu kwenye daftari, akalifunika kwa mkono.

Mwanafunzi mzito wa namna hiyo mfagizi hakuwahi kumfikiria. Mtu aliyejua daraja linabeba malori mangapi hakujua kutia uzi kwenye sindano. Alijichoma vidole vitano katika siku tatu, kwa mpangilio, kuanzia gumba. Redio alikuja kuchungulia mlangoni na ganda la ndizi mkononi.

"Wenyewe wanasema utatujengea madaraja!" alisema. "Mwavuli tu unakutoa jasho. Dada mfagizi, huyu ukimpa daraja nitaogelea."

"Toka," Ratiba alisema.

"Natoka. Niazimeni mwavuli, mvua inakuja."

Akapewa. Hakurudisha.

Siku moja ya wiki ya nne Ratiba alifunga ubavu wa tatu kati ya nane kwenye mwavuli mweusi wa mpini wa mbao, akausimamisha wazi, akaingiza kichwa kuangalia kwa ndani. Kishikizo kikafyatuka. Mwavuli ukajifunga wote kwa mpigo mmoja, ukammeza hadi mabegani. Kisha toka ndani ya kitambaa sauti, taratibu kabisa, ikauliza:

"Dada. Hii ni kawaida?"

"Ndiyo," mfagizi alijibu, kisha kikamshika kicheko ambacho hakukijua kilikuwa kimehifadhiwa wapi. Alicheka mpaka akateleza toka kwenye dumu. Ndani ya mwavuli nako kulikuwa kunachekwa. Matroni alishuka ngazi mbio akidhani mtu kaungua, akawakuta mmoja yuko sakafuni na mwingine hana kichwa. Akapanda tena bila kuuliza.

Toka siku hiyo mfagizi alianza kufagia ghorofa ya tatu kwa haraka ili saa saba imkute chini. Alijiambia ni kwa sababu ya mvua. Alikuwa pia anahesabu siku zilizobaki kufika mwisho wa muhula, jambo ambalo halikuhusiana na mvua.

Wiki ya sita mshauri aliita. Ratiba alishuka stoo uso umemparara.

"Anataka niende kesho na kitu nilichotengeneza. Na mtu anayenifundisha."

"Mtu gani?"

"Wewe."

Mfagizi aliweka koleo chini. "Kwa nini mimi?"

"Wanafunzi wanamdanganya sana. Mmoja alimpelekea kinanda cha kuazima. Anataka shahidi."

"Nitasema nini huko?"

"Sema ukweli tu."

Ukweli hakuwa na wasiwasi nao. Wasiwasi wake ulikuwa kwenye kusema. Siku ile mchana kutwa, kila ngazi aliyoifagia aliifanyia mazoezi ya sentensi moja. Alipofika ghorofa ya kwanza ilikuwa imenyooka. Aliibeba mdomoni mpaka kesho yake kama mtu aliyebeba maji kwa viganja.

Ofisi ya mshauri ilikuwa na meza, viti vitatu, boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na mshauri mwenyewe, mwanaume mnene mpole aliyezoea kusikiliza huku ameinamisha kichwa kushoto. Aliwakaribisha. Ratiba alisema ule mwavuli mweusi umekamilika, mbavu zote nane, na ili kuthibitisha akaufungua.

Ulifunguka vizuri sana. Haukufungika.

Ratiba alivuta. Mfagizi alivuta. Mshauri alizunguka meza akavuta. Mwavuli ulibaki wazi kama ulivyo, umejaza nusu ya chumba, na mwishowe wakaketi, mshauri upande mmoja, wao wawili upande wa pili, mwavuli katikati. Mazungumzo yakaanza kwa kupitia pembeni.

"Naona kazi," mshauri alisema. "Hongera. Sasa niambie, binti. Unapokuwa unafanya hii kazi, akili inapumzika? Au unajipima?"

Ratiba angeweza kusema akili inapumzika. Redio angeisema sentensi hiyo na kuiongezea machozi. Lakini Ratiba alikuwa mtu ambaye akiulizwa saa, alitaja na sekunde. Alifungua mkoba, akatoa daftari, akalipitisha chini ya mwavuli.

Mshauri alisoma kwa sauti. "Wiki ya kwanza. Koleo, ishirini na mbili. Sindano, kumi na nane. Uvumilivu, arobaini." Akafunua. "Wiki ya pili. Koleo, thelathini na moja. Kukubali kukosea, kumi na mbili." Akalifunga. Kisha ikasikika droo ikifunguliwa, na karatasi ikiwekwa mezani.

"Sikulaumu," alisema. Alikuwa na huzuni ya kweli. "Ila unaona mwenyewe. Nikikuacha, utaanguka tena. Ni mwaka mmoja tu."

Ratiba alikuwa ameshika mpini wa mwavuli kwa mikono miwili. Kalamu ikaanza kukwaruza upande wa pili.

Mfagizi alitafuta sentensi yake akaikuta ipo, ila mdomo ulikuwa mkavu na haikutoka. Kilichotoka ni mkono. Aliupitisha chini ya mwavuli, kiganja juu, na kuuacha hapo. Mshauri aliutazama mkono huo usio na maneno na, kwa kukosa jingine la kufanya, akaupa daftari.

Mfagizi alianza ukurasa wa kwanza. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza, kwa sababu hakujua kusoma kwa namna nyingine. Wenye haraka husoma kurasa mbili wakajua kitabu. Yeye alisoma koleo, akasoma sindano, akasoma wiki ya pili, ya tatu. Mshauri aliangalia saa. Kalamu ilifika mahali pa sahihi.

"Hapa hamna," mfagizi alisema.

"Hamna nini?"

"Namba."

Mshauri alisimama, akachungulia juu ya mwavuli. Mfagizi akamgeuzia daftari, kidole bado kipo kwenye mstari. Wiki ya nne: Ubavu wa tatu. Mwavuli umenimeza. Wiki ya tano: Mvua. Tumekaa tu mlangoni, koleo lilikuwa limelowa. Wiki ya sita haikuwa na neno. Ilikuwa na alama ya kidole gumba cha mafuta.

Mshauri alisoma kurasa tatu zile mara mbili, akainamisha kichwa kushoto.

"Binti. Huku hukujipa alama."

Ratiba alilichukua daftari, akafunua mbele, akafunua nyuma. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika darasani na kujikuta kavaa ndala.

"Nilisahau," alisema.

"Wewe? Ulisahau?"

"Mikono ilikuwa na mafuta." Akafikiri. "Halafu nikasahau."

Droo ilifunguliwa tena, na karatasi ikarudi ndani. Mshauri alisema basi, ataendelea muhula ujao, aje amwone kila baada ya wiki mbili, na daftari asije nalo. Alisema pia kwamba mwavuli hauna haja ya kufungika, mwavuli kazi yake ni kufunguka. Ratiba alitikisa kichwa kukubali mara nyingi mno, akatoa karatasi mbili kwenye boksi, akafuta mpini wa mwavuli.

Wakasimama kuondoka. Mlango ulikuwa mwembamba. Ratiba akatangulia kinyumenyume, mwavuli umelala ubavu, mbavu zikikwama kwenye fremu moja baada ya nyingine, naye akinong'ona pole kwa kila moja. Mshauri alishikilia mlango.

"Asante kwa kuja, dada," alimwambia mfagizi. "Hukusema mengi, lakini umetusaidia."

Hapo mfagizi angepaswa kuitikia na kupita. Jambo lilikuwa limekwisha, fomu ilikuwa kwenye droo, hakukuwa tena na anayehitaji ushahidi wake. Lakini ile sentensi ilikuwa imetembea toka ghorofa ya tatu, imelala naye, imeamka naye, na sasa ilikuwa imeshafika kwenye meno. Aliangalia viatu vya mshauri, kwa kuwa uso hakuuweza.

"Mimi sijawahi kuwa na rafiki," alisema. "Huyu ni rafiki yangu. Sitaki aende."